Msimu wa UConn bila Paige Bueckers: jinsi mzigo wa mchezaji mmoja ulivyowaangukia wenzake

Tarehe 1 Agosti 2022, akiwa katika mchezo wa kawaida wa kujifua wakati wa mapumziko ya kiangazi, Paige Bueckers, nyota wa mpira wa kikapu wa wanawake, alichanika kano ya mbele ya goti la kushoto, ile ambayo wanamichezo huiita ACL. Siku mbili baadaye Chuo Kikuu cha Connecticut cha Marekani, kinachojulikana zaidi kwa jina la UConn, kilitangaza kwamba hatacheza mchezo hata mmoja wa msimu wa 2022/23. Wachambuzi wengi walianza mara moja kuhesabu pointi zitakazokosekana. Hesabu hiyo ilikuwa na mantiki yake, lakini kwa maoni yangu iligusa sehemu ndogo tu ya hasara. Pointi za mchezaji nyota huweza kuzibwa, na UConn waliziziba kwa kiasi kikubwa kabla mwezi Novemba haujaisha. Kisichozibika kirahisi ni akiba ya timu, yaani ule uwezo wa kupata pigo jingine na bado ukabaki na watu wa kutosha, wenye nguvu za kutosha, kumaliza dakika 40 za mchezo.

Ili kuelewa ukubwa wa pengo, ni lazima kwanza kueleza Bueckers alikuwa anafanya nini uwanjani. Katika msimu wake wa kwanza chuoni, 2020/21, alikuwa na wastani wa pointi 20 na pasi za kufungia 5.8 kwa mchezo, akawa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kwanza kabisa kutunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka ya shirika la habari la AP katika mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo. Hizo ni takwimu za karatasini. Uwanjani yeye ndiye aliyepokea mpira presha inapopanda, aliyeamua kama shambulizi liende kasi au lipoe, na aliyeachiwa mpira saa ya kurusha inapokaribia kuisha. Timu yenye mtu wa namna hiyo huwapa wengine nafasi ya kufanya jambo moja moja wanalolimudi: huyu apige mitupo ya mbali, yule agombee ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa, mwingine akabe. Anapoondoka, kila mmoja hulazimika kuongeza kazi ya pili juu ya ile aliyoizoea, na kazi hiyo ya pili ndiyo inayochosha.

Jambo jingine lililoongeza uzito ni kwamba majira hayo hayo ya mwaka 2022 timu ilikuwa imeagana na wakongwe watatu, Christyn Williams, Evina Westbrook na Olivia Nelson-Ododa, waliomaliza muda wao. Klabu ya kulipwa ikipata habari ya jeraha mwezi Agosti huingia sokoni ikatafuta mtu. Timu ya chuo haina njia hiyo. Wanafunzi wapya walikuwa wamekwisha kusajiliwa, na wengi wa wachezaji waliotaka kuhama vyuo walikuwa wamekwisha kuchagua waendako. Kwa bahati njema, kocha Geno Auriemma alikuwa tayari amempata Lou Lopez Sénéchal kutoka Chuo Kikuu cha Fairfield kabla ya ajali hiyo, lakini alimchukua awe nyongeza ya Bueckers, wala hakuna aliyewaza kwamba atalazimika kuwa mmoja wa nguzo kuu za mashambulizi.

UConn hawakuwa wageni wa hali hii. Mnamo Desemba 2021 Bueckers aliumia goti hilo hilo dhidi ya Notre Dame, safari hiyo akivunjika sehemu ya juu ya mfupa wa muundi na kuchanika gegedu la goti, akakosa michezo 19. Siku nne tu baada ya kuumia, timu ilifungwa na Georgia Tech 57 kwa 44, na kufikia kikomo mfululizo wa ushindi 240 dhidi ya timu zisizokuwa kwenye orodha ya 25 bora. Februari 2022 ikafungwa na Villanova 72 kwa 69, kipigo cha kwanza baada ya ushindi 169 mfululizo katika kanda, yaani kundi la vyuo linaloshindana kila msimu, ambalo kwa UConn sasa ni Big East. Lakini jeraha lile lilikuwa na tarehe ya kurudi. Wenzake walijua kwamba wakivumilia hadi mwisho wa Februari atakuwepo, na kweli alirejea, akafunga pointi 27 katika ushindi wa 91 kwa 87 dhidi ya NC State uliopatikana baada ya nyongeza mbili za muda, na timu ikafika fainali ya taifa ambako ilifungwa na South Carolina 64 kwa 49. Kuvumilia kwa kusubiri mtu arudi ni jambo moja. Kupanga mwaka mzima ukijua harudi ni jambo jingine kabisa, na ni kosa kuichukulia misimu hii miwili kama kisa kimoja.

Novemba 2022 ilileta matumaini makubwa. Azzi Fudd, mpigaji wa mitupo ya mbali ambaye alikuwa mwaka wa pili, alifunga pointi 32 dhidi ya Texas, kisha akafunga tena 32 dhidi ya NC State. Katika mchezo huo wa NC State, Nika Mühl alitoa pasi za kufungia 15, idadi ambayo hakuna mchezaji wa UConn aliyewahi kuifikisha katika mchezo mmoja. Duke wakafungwa, Iowa ya Caitlin Clark ikafungwa 86 kwa 79. Mtu aliyetazama matokeo pekee angeweza kusema kwamba pengo limezibwa, na wako waliosema hivyo.

Lakini tazama jinsi lilivyozibwa. Kazi ya Bueckers iligawanywa mara mbili: kufunga kulihamia kwa Fudd, na kuongoza mashambulizi kulihamia kwa Mühl, ambaye awali alijulikana zaidi kwa ukabaji wake mkali. Mgawanyo huo ulikuwa wa busara, na sidhani kama kocha yeyote angefanya tofauti. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba timu iliyokuwa na mtu mmoja asiye na mbadala sasa ilikuwa na wawili. Kila mmoja wao alikuwa amejaza nafasi ambayo nyuma yake hapakuwa na mtu. Tayari benchi lilikuwa limepungua, kwa sababu Ice Brady, mwanafunzi mpya aliyetarajiwa kusaidia karibu na kikapu, aliteguka kilegesambwa mwezi Oktoba akaukosa msimu wote, na Dorka Juhász akavunjika kidole gumba katika mchezo ule ule wa Texas uliompa Fudd sifa.

Tarehe 4 Desemba, tena dhidi ya Notre Dame, Fudd aliumia goti la kulia na timu ikafungwa 74 kwa 60. Wiki moja baadaye ikafungwa na Maryland 85 kwa 78. Mühl naye alipata mtikisiko wa ubongo, akakaa nje kwa muda mfupi. Januari Caroline Ducharme akapatwa na tatizo kama hilo, na lake likachukua muda mrefu zaidi. Fudd alirejea katikati ya Januari, akaumia tena goti lile lile, na hakuonekana tena hadi mashindano ya Big East mwezi Machi. Hali ilifikia mahali ambapo mchezo dhidi ya DePaul uliopangwa tarehe 8 Januari 2023 uliahirishwa, kwa sababu kanuni za Big East zilitaka timu iwe na angalau wachezaji saba wenye ufadhili wa masomo walio tayari kucheza, na UConn hawakuwa nao. Programu iliyokuwa na mataji 11 ya taifa ilishindwa kupata watu saba wazima.

Hapa panahitaji uangalifu. Haitakuwa haki kudai kwamba goti la Bueckers ndilo lililovunja kidole cha Juhász au kumgonga Ducharme kichwani. Ajali ni ajali, na mpira wa kikapu una miili mingi inayogongana katika nafasi ndogo. Ninachodai ni kitu chenye mipaka zaidi: kukosekana kwa mchezaji anayecheza karibu dakika zote kuliondoa kinga ambayo ingefanya kila jeraha lililofuata liwe tatizo la kawaida. Timu yenye Bueckers ikimpoteza Fudd kwa wiki sita inabaki na mfungaji na kiongozi. Timu isiyo naye ikimpoteza Fudd inabaki na watu watano wanaocheza hadi wachoke, halafu wanacheza wakiwa wamechoka.

Na uchovu si hisia tu. Mchezaji anapotua baada ya kuruka, misuli ya paja mbele na nyuma inapaswa kukaza kwa wakati mmoja ili goti likunjike taratibu na kubaki katika mstari wa nyayo. Misuli ikichoka, mwitikio huo huchelewa. Mchezaji hutua mguu ukiwa umenyooka zaidi, goti likiegemea ndani, na mzigo ambao ungebebwa na misuli huangukia kano. Wanawake wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka ghafla hupata majeraha ya ACL mara kadhaa zaidi ya wanaume wa michezo hiyo hiyo. Tafiti nyingi hutaja kati ya mara mbili na mara nane. Sababu zinazotolewa ni za umbo la nyonga na goti, homoni, namna ya kutua, na pia tofauti ya mafunzo ya nguvu ambayo wasichana hupewa wakiwa wadogo. Kocha wa timu ya wanawake anayewaacha watano uwanjani kwa dakika 36 kila mmoja anaijua hatari hiyo. Tatizo ni kwamba hana wa kuwapumzisha.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana na mtazamaji, nayo ni mazoezi. UConn, kama programu nyingi kubwa za wanawake Marekani, hutumia wanafunzi wa kiume kama wapinzani wa mazoezini, na hivyo hata timu ikiwa na majeruhi wengi inaweza kupata watu kumi wa kucheza. Wanaume hao huiga mbinu za mpinzani ajaye na hukaba kwa nguvu. Hawawezi, hata hivyo, kuwa wenzako. Maelewano ya nani atakuwa wapi, nani ataita kizuizi, nani atarudi nyuma kuzuia shambulizi la haraka, hujengwa kwa watu wale wale kurudia jambo lile lile pamoja. Wachezaji wanaoingia na kutoka kwenye orodha ya majeruhi kila wiki hawapati nafasi hiyo, na wale wachache walio wazima hawawezi kusukumwa sana mazoezini kwa sababu wanahitajika mchezoni. Ndivyo timu inavyofika Februari ikiwa na mbinu za Novemba.

Februari ilionyesha yote hayo. Tarehe 5 UConn walifungwa na South Carolina, timu iliyokuwa haijafungwa na yeyote, kwa pointi nne tu, 81 kwa 77. Huo ulikuwa mchezo wa kujivunia. Siku tatu baadaye walifungwa na Marquette 59 kwa 52, na kwa mara ya kwanza tangu Machi 1993 timu hiyo ikapoteza michezo miwili mfululizo. Pointi 52 dhidi ya mpinzani asiyekuwa na hadhi ya South Carolina hazielezeki kwa uwezo pekee. Miguu ikichoka, mtupo wa mbali hufupika: mpira hugonga ukingo wa mbele wa pete badala ya kupita juu yake, na mtu anaweza kuwa na mkono mzuri kabisa na bado akakosa. Kabla mwezi haujaisha St. John's nao wakapata ushindi wao, 69 kwa 64.

Pamoja na hayo, kuuita msimu huu wa aibu ni kuwakosea heshima wachezaji waliobaki. Aaliyah Edwards aliongeza wastani wake wa pointi takriban maradufu kulinganisha na mwaka uliotangulia, akapewa tuzo ya mchezaji aliyeendelea zaidi katika Big East. Mühl alivunja rekodi ya chuo ya pasi za kufungia katika msimu mmoja, rekodi iliyokuwa ya Sue Bird, nyota wa zamani wa UConn, na bado akatajwa mkabaji bora wa kanda. Lopez Sénéchal, aliyekuja kwa mwaka mmoja tu, alibeba dakika ambazo hakuwahi kudhani angeombwa kuzibeba. Timu ilitwaa ubingwa wa Big East na kumaliza na ushindi 31 na vipigo sita. Jeraha la nyota huwafungulia wengine mlango, na Edwards na Mühl waliingia kwa haki yao wenyewe. Wote wawili baadaye walichaguliwa katika WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani. Nasisitiza hili kwa sababu masimulizi mengi kuhusu majeraha huwasahau waliocheza na kumzungumzia asiyecheza peke yake.

Mwisho wa msimu ulikuja Seattle, tarehe 25 Machi 2023, katika hatua ya timu 16 bora ya mashindano ya taifa. Ohio State ya kocha Kevin McGuff ilikuwa na silaha moja iliyojulikana na kila mtu, yaani kukaba uwanja mzima tangu mpira unaporushwa kutoka nje. Ukabaji wa namna hiyo haulengi kunyang'anya mpira kila mara. Hulenga kumlazimisha mwenye mpira aamue haraka kuliko anavyopenda, huku walinzi wawili wakimsukumia kwenye kona ambako mstari wa pembeni unakuwa kama mlinzi wa tatu. Dawa yake ni kuwa na angalau watu wawili wanaoweza kupokea mpira, kuinua macho kabla ya kudunda, na kupasia katikati ya uwanja kabla mtego haujafunga. UConn walikuwa na Mühl. Mpira ukimfikia alibanwa. Usipomfikia, alipewa mtu ambaye kazi yake ya siku zote ilikuwa kufunga au kugombea ribaundi. Walipoteza mpira mara 25 na wakafungwa 73 kwa 61. Mfululizo wa kufika nusu fainali ya taifa mara 14 mfululizo ukakatika hapo.

Swali la haki ni kama Bueckers angebadilisha matokeo hayo. Hakuna anayeweza kuthibitisha, na Ohio State walistahili ushindi wao. Fudd pia alikuwa amerejea, hivyo haiwezi kusemwa kwamba timu haikuwa na kipaji. Lakini udhaifu ulioadhibiwa siku ile ulikuwa ule ule uliozaliwa mwezi Agosti: kukosa mpokeaji wa pili wa mpira mwenye utulivu. Kwa msimu mzima Mühl aliuficha kwa juhudi, na timu ya kwanza yenye zana kamili za kuufichua iliufichua. Fudd naye alikuwa ametoka kwenye vipindi viwili vya kukaa nje, akiwa na michezo michache tu miguuni. Kurudi kwenye orodha ya wazima na kurudi kwenye kiwango ni mambo mawili tofauti.

Kwa Bueckers mwenyewe, mwaka huo ulikuwa na kazi yake. Kupona ACL baada ya upasuaji huchukua kati ya miezi tisa na kumi na miwili, na vijana wanaorudi mapema zaidi ndio hasa wanaoumia tena, ama goti lile lile ama la pili. Alikuwa pia mmoja wa wanafunzi wa kwanza kunufaika na mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyowaruhusu wanamichezo wa vyuo kulipwa kwa matumizi ya majina yao, na kampuni ya Gatorade ilikuwa imeshaingia naye mkataba. Mtu mwenye jina kubwa kiasi hicho huwa na watu wengi wanaotamani kumwona uwanjani. Chuo hakikumharakisha, na naliona hilo kuwa uamuzi muhimu kuliko mbinu yoyote ya msimu ule, kwa sababu mchezaji wa chuo ni mwanafunzi kwanza, na goti lake litamhudumia miaka mingi baada ya chuo kumsahau. Alibaki karibu na timu, akikaa benchini na wenzake katika michezo ambayo hangeweza kuicheza.

Aliporudi Novemba 2023 alikuta mzunguko ukianza upya. Fudd alichanika ACL baada ya michezo miwili tu, kisha Aubrey Griffin naye akaumia goti na kuukosa msimu uliobaki, na wengine kadhaa wakawa majeruhi tayari. Tofauti ni kwamba safari hii kiini cha timu kilikuwepo. Bueckers, mlinzi kwa asili, alikubali kucheza karibu na kikapu dhidi ya watu wakubwa kumzidi, wakati wanafunzi wa mwaka wa kwanza KK Arnold na Ashlynn Shade walipewa nafasi za kuanza mapema kuliko ilivyopangwa. Alimaliza na wastani wa karibu pointi 22, na timu yenye benchi fupi kama la mwaka uliopita ikafika nusu fainali ya taifa, ikafungwa na Iowa 71 kwa 69. Ukiilinganisha misimu hiyo miwili, thamani ya mchezaji mmoja inaonekana wazi kuliko katika takwimu zake zozote: majeruhi walikuwa wengi kila mwaka, lakini mwaka mmoja kulikuwa na mtu wa kuupokea mpira wakati wa shida.

Ni msimu wa 2024/25 pekee ambapo Bueckers na Fudd walicheza pamoja, wakiwa wazima, hadi mwisho. Katika fainali ya tarehe 6 Aprili 2025 mjini Tampa, UConn waliifunga South Carolina 82 kwa 59. Fudd alipata pointi 24, Sarah Strong wa mwaka wa kwanza akapata 24 na ribaundi 15, na Bueckers akafunga 17. Nyota wa timu alikuwa wa tatu kwa kufunga katika mchezo mkubwa kuliko yote ya maisha yake ya chuo, na timu ikashinda kwa tofauti ya pointi 23.